Mita Sitini za Nani?

Ndugu zangu wa Songea, kabla hamjafunga bomba asubuhi, itazameni ile ndoo. Maji yake yametoka mto Ruhila na milima ya Matogoro. Matogoro hiyohiyo ndiyo chimbuko la Ruvuma na la Luwegu, unaopeleka maji yake Rufiji. Sisi tuko juu ya mto. Tunachokiachia hapa, wa chini wanakinywa.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Mama mwenye matuta ya nyanya bondeni anazijua vizuri kuliko mwanasheria. Alioneshwa bikoni, akaambiwa ahame, nyanya zikiwa ndio kwanza zinaanza kuwa nyekundu. Sina ugomvi na mita hizo. Dawa ya kupulizia nyanya ikiingia mtoni ni sumu, hata kama bomba la kupulizia limebebwa na maskini. Ugomvi wangu ni kwamba kamba ya kupimia hulegea ikifika kwa mwenye leseni.

Tazameni jirani tu, Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili urani ya Mto Mkuju iweze kuchimbwa. Mama wa nyanya alihama yeye. Kwa urani ulihama mpaka. Julai 2025 Rais Samia akazindua kiwanda cha majaribio huko, na maji ya Mkuju nayo safari yake ni Luwegu hadi Rufiji. Tangu 2017 sheria ya madini inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, mbali na mrabaha na kodi. Fedha hizo tunazihitaji, sikatai. Lakini mkaguzi na mkaguliwa wakila sahani moja, nani atasema chakula kimechacha?

Ya mgodi wa dhahabu wa North Mara tuliyaona. Mei 2019 NEMC, baraza la mazingira la taifa, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na Julai ikaamuru bwawa la mabaki lisitumike. Septemba, wiki ileile Barrick ilipokamilisha kuinunua Acacia, kampuni iliyokuwa na mgodi huo, zuio likaondolewa. Huenda kasoro zilirekebishwa kweli. Ila kalenda ya maji ikifuatana namna hiyo na kalenda ya mikataba, raia ana haki ya kuuliza. Machi 2022 samaki walipoelea wamekufa mto Mara, kamati ya Serikali ilitaja kinyesi na mikojo ya ng'ombe. Ng'ombe, kama yule mama, hana wakili.

Basi tuulize, na tuulize kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 30 za kujibu. Katika mkutano wa mtaa au wa kijiji unaofuata, iwe Lizaboni, Mfaranyaki au Namtumbo vijijini, tuingize ajenda moja: barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, au ya Bonde la Rufiji kwa walio upande wa Mkuju. Tuombe orodha ya wenye vibali vya kutiririsha majitaka na matokeo ya vipimo vyao. Muhtasari usainiwe, nakala apewe diwani. Wenzetu wa Mbinga msijifiche nyuma ya migodi: maji machachu yanayotoka kwenye mitambo ya kumenya kahawa ya AMCOS zetu nayo yanaua mto, na huko wenye hisa ni sisi wenyewe.

La haraka kuliko yote ni vipimo vya Mkuju vya sasa, kabla uzalishaji mkubwa haujaanza, vibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji kilicho kando ya mto. Bila karatasi hiyo, miaka kumi ijayo tutaambiwa maji yalikuwa hivyo tangu enzi za babu zetu.