"Si lazima" siyo "must not"

Mwambie mnunuzi wa mawese pale Rumonge, Burundi, "Si lazima ulipe leo," naye atashukuru kwa kupewa nafasi. Geuza maneno hayohayo moja moja kwa Kiingereza, "You must not pay today," na umemkataza kulipa. Kiswahili hukanusha ule ulazima, ilhali katika Kiingereza "not" hurukia kitendo chenyewe, kwa hiyo ulipaswa kusema "You don't have to pay." Kifaransa cha shule kina mtego uleule: "tu ne dois pas payer" nayo kwa kawaida ni katazo. Kosa jingine la wanafunzi, "he can to sell," ni dogo zaidi. Linatokana na ile ku- ya "anaweza kuuza", iliyomo hata katika Kirundi. Linakera sikio, lakini halimpotezei mtu fedha. Wino mwekundu wa mwalimu ungepaswa kutumika kwanza kwenye maana.

Wapo watakaosema kwamba mwambao wa Rumonge unajitosheleza kwa Kiswahili, na kweli, kutoka hapo hadi Kigoma dagaa huuzwa bila neno la Kiingereza. Lakini Kiingereza ni lugha rasmi ya Burundi tangu 2014, na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini 1999 na ambao Burundi ilijiunga nao 2007, umeandikwa kwa Kiingereza. Humo "shall" ni amri na "may" ni hiari. Mfanyabiashara asiyezitofautisha atadhani anaombwa, kumbe ameamriwa.