Kamati za vijiji hazicheleweshi afya

Mwandishi anayetaka mipango ya afya ya vijiji vinavyozunguka Bunia iachiwe madaktari na wafadhili peke yao, eti kamati za wananchi zinachelewesha kazi, amesahau mapema mno yaliyotupata. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 haikukosa wataalamu. Chanjo ilikuwepo, magari yalikuwepo, maabara pia. Hata hivyo ugonjwa ulidumu hadi Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Wagonjwa walifichwa, timu za mazishi zikapigwa mawe, na Novemba 2019 wafanyakazi wa kupambana na Ebola wakauawa Biakato, huko Mambasa. Vita ilichangia, nakubali. Lakini mpango ulioshushwa kutoka juu bila kuwauliza wenyeji, wangeuaminije?

Katika CODESA, yaani kamati hizo za afya za wananchi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya huketi na wawakilishi wa vijiji, watu wanaojua nani anajifungulia nyumbani na kwa nini. Kasoro ya kamati hizi ni nyingine kabisa: waliokimbia vita huko Djugu wakaishia kambi ya Kigonze wana kiti gani humo? Mama kiziwi anaulizwa na nani siku ya chanjo inapopangwa? Kuzivunja hakuwapi kiti. Tangu Mei 2021, jimbo letu la Ituri lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, nafasi za raia kusema zimepungua. Tufunge na hii ndogo iliyobaki? Kila kamati iongezewe mjumbe wa waliohamishwa na vita na mjumbe wa watu wenye ulemavu, na bajeti isomwe mbele yao kabla ya kusainiwa.