Miguu ya Waogeleaji Isipuuzwe

Wengi wetu visiwani tunadhani kwamba kuogelea hakuumizi miguu. Sivyo. Mwogeleaji wa mashindano hunyoosha mguu mpaka ncha za vidole, akapiga maji mateke maelfu kila juma. Kano zipitazo mbele ya kifundo husuguliwa, huvimba, na hatimaye huuma hata akitembea nchi kavu. Kijana akilalamika huambiwa ni mvivu, naye huendelea mpaka maumivu yamtoe mchezoni.

Historia ya biashara iliyoitajirisha Unguja yatosha kutufunza. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kati ya Bagamoyo na Tabora, mwendo wa yapata kilomita 800, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili. Hatuisifu biashara ile, ambayo iliwaswaga pia watumwa katika minyororo bila huruma. Lakini wapagazi wa ujira walikuwa na ada yao: msafara ulipofika Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ulitua. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857, wakaondoka Desemba. Wapagazi waliotoka nao pwani walikwisha tua mizigo, ikabidi watafutwe wengine. Hata katika biashara ngumu kama ile ilifahamika kwamba mguu uliochoka hauanzi safari mpya siku ya pili yake.

Mwalimu wa kuogelea naye afanye vivyo hivyo. Maumivu yakianza, apunguze mateke, aondoe mapezi ya mpira yanayoongeza uzito wa maji mguuni, na kifundo kikandwe kwa barafu. Wakati huo mazoezi yahamie mikononi, kisha mateke yarudishwe kidogo kidogo. Maumivu yasiyopungua, au yanayochoma mahali pamoja juu ya mfupa, yapelekwe kwa daktari, kwani huenda mfupa umeingia ufa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa serikali wanaosimamia michezo wahakikishe kwamba kila ratiba ya mazoezi ina siku za mapumziko, na kwamba walimu wanafundishwa dalili hizi kabla ya kukabidhiwa vijana. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Ushindi uliokosekana mwaka huu waweza kupatikana mwakani, lakini kijana aliyelazimishwa kuogelea na mguu mbovu huenda asirudi tena majini.