Fedha Chache, Michezo Mingi: Askari Anunue Nini?

Ndugu askari, hapa Luzira, baina ya kuta za gereza na gati la Port Bell, kipo chumba cha burudani chenye kompyuta moja ambayo askari wachache wa makazi yetu waliinunua kwa michango yao. Mwezi uliopita mfuko wao ulibakiwa na shilingi 200,000, nao wakakaa kikao ili waamue ni michezo gani ya video ipakuliwe kwa fedha hizo. Kikao kilianza saa kumi alasiri. Magharibi ilipoingia hata mchezo mmoja ulikuwa haujakubaliwa. Mimi nilialikwa kama mzee, nikanyamaza. Leo nasema.

Huenda wako watakaoona kwamba jambo la kitoto namna hii halistahili wino wa gazeti. Lakini fedha ya mchango ni fedha ya watu, na kila aliyetoa alikuwa na mtoto anayengoja karo. Fedha ikiwa chache ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu.

Konstebo mmoja kijana alisimama akataka ununuliwe mchezo wa vita uitwao Call of Duty, akidai kwamba humnoa askari. Naheshimu ari yake, bali hoja yake naikataa. Bunduki ya kwenye skrini haina uzito wala haikwami, na aliyepigwa risasi hufufuka baada ya muda mfupi akaendelea kukimbia. Mkufunzi wa Kabamba hawezi kukubali mafunzo ya namna hiyo. Tena, michezo ya ukoo huo imepata kuzidi gigabaiti 100 kwa kupakuliwa tu. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo bei iliyoandikwa dukani si bei kamili ya mchezo. Mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza uzito wake, kisha hesabu ya kifurushi, ndipo autazame ule mwenyewe.

Mwingine akasema: basi tuchukue michezo ya bure. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko wote. Mchezo wa kandanda wa kampuni ya Konami, ambao zamani ulikuwa ukiuzwa, ulitolewa bure tangu Septemba 2021 kwa jina la eFootball. Mtu huingia bila senti, lakini ndani huuziwa wachezaji mashuhuri kwa bahati nasibu: unalipa, kisha unangoja kuona umepata nani. Nchi ya Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba baadhi ya masanduku ya bahati ya namna hiyo katika michezo ya video ni kamari. Nasi tunayo Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016, inayomkataza kucheza kamari mtu asiyetimiza miaka 25. Konstebo wa miaka 22, hata akivaa sare iliyopigwa pasi vizuri, sheria hiyo inamhusu. Mimi mwenyewe nina mpwa aliyeanza na mchezo wa bure kwenye simu, na mwisho wa mwezi alikuja kuniomba nauli ya kurudi kazini.

Upo pia War Thunder, mchezo wa vifaru na ndege, nao ni wa bure. Mwaka 2021 mchezaji mmoja, katika ubishi kuhusu kifaru cha Kiingereza cha Challenger 2, alibandika hadharani kurasa za mwongozo wake uliokuwa siri, ili tu ashinde ubishi! Na mapema mwaka 2018 ramani ya Strava, programu ya wakimbiaji, ilianika njia za mazoezi za askari wa mataifa mbalimbali kambini mwao. Mchezo unaotaka kujua simu yako iko wapi kila saa, jiulize una haja gani ya kujua hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo kikao hakikuligusa kabisa, na kwangu ndilo zito. Mchezo wa kupakua haununuliwi kama jembe. Unachopewa ni ruhusa ya kuutumia. Mchezo wa magari uitwao The Crew ulifungwa na kampuni ya Ubisoft tarehe 31 Machi 2024. Mitambo ilipozimwa, hata waliokuwa wameulipia hawakuweza kuucheza tena. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba mchezo uchezeke bila intaneti. Askari wetu wamekuwa wakipelekwa Somalia tangu 2007, na wengine wako Karamoja. Mchezo unaodai mtandao huwa kifo cha betri tu kwa mtu aliye katika hali hiyo. Tena ruhusa hiyo hukaa katika akaunti ya mtu mmoja. Sasa fikirini: mwenye akaunti akipata uhamisho kwenda Gulu, michezo ya wenzake wote inaondoka naye mfukoni. Iandikwe kabla ya kulipa akaunti itakuwa ya nani.

Nilipoombwa rai yangu kwa faragha, niliutaja mchezo mmoja ambao wengi waliucheka: Stardew Valley. Ulitungwa na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, ukatoka mwaka 2016. Unahusu kulima. Katika duka la Steam bei yake ya kawaida ni dola 14.99, yaani zaidi kidogo ya shilingi 50,000, nayo hulipwa mara moja. Nyongeza zilizofuata zilitolewa bila malipo. Si mzito, hauhitaji mtandao, na tangu Desemba 2020 watu zaidi ya mmoja huweza kuucheza kwenye skrini moja. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonivuta, kwa maana kompyuta ni moja na watoto wa makazi ni wengi. Duka hilo pia hukubali kurudisha fedha iwapo ombi limeletwa ndani ya siku 14 na mchezo haujachezwa kwa saa mbili. Basi unaponunua, kaa nao jioni hiyo hiyo, usiuache wiki tatu.

Sataranji isinunuliwe. Ipo Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo ni bure kwelikweli na haina cha kukuuzia.

Nyuma ya ukuta, wafungwa wa gereza kuu wana ligi yao ya kandanda, yenye timu zilizopewa majina ya vilabu vya Ulaya, na katiba yao wenyewe. Mpira wao ni wa ngozi. Nalisema hili kwa sababu kikao kijacho ni Jumamosi, na ningependa shilingi 50,000 na kitu zitoke kwa ajili ya lile shamba la kwenye skrini, kiasi kidogo kiwekwe kwa data, na zilizobaki zingoje punguzo la bei la Desemba. Mimi nitakuja na ubao wangu wa mweso, mashimo 32 na kete 64, kwa watakaokuwa wakingoja zamu.