Leseni ya Kuwinda Isirudi

Wako wenzetu hapa shuleni wanaosema eti Kenya iruhusu tena uwindaji wa leseni kama Tanzania, ambako mwindaji humlipia mnyama kwa pesa nyingi. Mimi napinga kabisa!

Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mswada wa 2004, ambao wengi waliona ungeufungulia mlango tena, Rais Kibaki alikataa kuutia sahihi. Alifanya vyema. Leseni yenyewe angeinunua nani? Si mchuma chai wa Kericho, ni tajiri wa ng'ambo. Sisi tungeachiwa kumbebea mizigo.

Lakini jamani, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndovu wa Mau akiingia shamba la mahindi kule Konoin, jasho la msimu mzima huisha usiku mmoja. Sheria ya 2013 inaahidi fidia, hata shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Basi fidia ilipwe, tena mapema! Mkulima aliyechoka kungoja atatega mitego. Dawa si bunduki ya tajiri, ni haki ya mkulima.