Uji wa Mtoto na Saa za Kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mfanyakazi wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Siku 84 ni majuma 12. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, hushauri kwamba mtoto asipewe chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6, yaani kiasi cha majuma 26. Mwanafunzi yeyote ajuaye kutoa hesabu ataona kwamba hapo katikati yapo majuma 14 ambayo mama yuko kazini na mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine. Baada ya hapo hufuata miezi mingi ya uji, mtori na maziwa ya ng'ombe, na mlishaji mara nyingi ni mtu huyo huyo. Mtoto akiwa mzima, familia nyingi huivuka miezi hiyo bila misukosuko mikubwa. Lakini mtoto ambaye mwili wake hukataa maziwa, mayai au karanga hukifanya kila kijiko kuwa jambo la kufikiriwa. Maoni yangu ni kwamba mzigo huu tumemtwika mama peke yake, na kwamba tumefanya hivyo kwa sababu hatuielewi vema sayansi yenyewe.

Hali ninayoizungumzia huitwa mzio. Neno la kitaalamu lililotumika Ulaya lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa mji wa Vienna, Clemens von Pirquet. Mwaka 1921 wanasayansi wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walitoa taarifa ya jaribio ambalo hata leo lafaa kusimuliwa darasani. Küstner alikuwa akidhurika kila alapo samaki aliyepikwa. Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya mwenzake, akayadunga katika ngozi yake mwenyewe, na siku iliyofuata akadunga mahali pale pale kiasi kidogo cha rojo ya samaki. Ngozi ikavimba na kuwasha, ingawa Prausnitz mwenyewe hakuwa na tatizo lolote na samaki. Basi ilidhihirika kwamba ndani ya damu mna kitu kinachoubeba mzio huo. Kitu hicho kilitambuliwa miaka ya 1966 na 1967 huko Marekani na Sweden, kikapewa jina la imunoglobulini E. Ni kingamwili, jamaa ya zile zinazotulinda dhidi ya maradhi, ila hii imemtambua vibaya mgeni asiye adui. Protini ya chakula ikikutana nayo, seli fulani za ngozi, utumbo na njia ya hewa humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Ndipo hutokea vipele, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa, na katika hali mbaya pumzi kubana na mtoto kulegea.

Mambo mawili yafuata kutokana na maelezo hayo. Kwanza, mzio si sawa na tumbo kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, hali iliyo ya kawaida kwa watu wazima wengi wa Afrika na ambayo huleta gesi na kuhara tu. Pili, si lazima kiasi kiwe kikubwa. Mwiko uliokoroga uji wenye karanga, ukitumbukizwa katika sufuria ya pili bila kuoshwa, waweza kutosha.

Hapa ndipo uji wetu unapoingia. Unga wa lishe ni jambo jema, nami sitaki kusikika nikiupinga. Mahindi, ulezi, soya na karanga, pengine na dagaa, vikisagwa pamoja humpa mtoto protini na mafuta ambayo uji mtupu wa mahindi haumpi. Lakini viungo vikisagwa havionekani tena, na mchanganyiko wa muuzaji mmoja si mchanganyiko wa mwingine. Mama wa mtoto mwenye mzio wa karanga hana budi kununua nafaka nzima na kuzipeleka mashineni mwenyewe, tena amsihi mwenye mashine asisage mara tu baada ya karanga za mteja mwingine. Kazi hiyo hula Jumamosi nzima. Wapo pia wanaomshauri mama abadilishe maziwa ya ng'ombe kwa ya mbuzi. Ushauri huo hauna msingi, kwani protini za maziwa hayo mawili zafanana mno, na watoto walio wengi wanaodhurika na moja hudhurika na jingine pia.

Hata hivyo liko kosa la upande wa pili, nalo si dogo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba watoto walio katika hatari ya kupata mzio wasipewe karanga mpaka wafikishe miaka 3. Mwaka 2008 ushauri huo uliondolewa kwa kukosa ushahidi. Kisha mwaka 2015 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Miongoni mwa wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili ya karanga mwanzoni, walionyimwa karanga walipata mzio kwa asilimia 13.7 walipofika umri wa miaka 5. Waliolishwa karanga tangu uchanga walikuwa asilimia 1.9 tu. Kwa hiyo kumficha mtoto chakula kwa hofu tupu kwaweza kuleta kile kile kinachoogopwa. Na katika nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kuondoa mayai, maziwa na karanga kwa kubahatisha ni hasara ambayo mtoto ataibeba muda mrefu.

Basi jambo kubwa ni kujua kwa hakika ni chakula gani kinachodhuru, na ujuzi huo hupatikana kwanza kwa kukumbuka vizuri. Daktari atauliza: mtoto alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi? Mzio wa aina hii kwa kawaida hujitokeza tangu dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Wakati huo mama yuko ofisini, au darasani akifundisha. Shahidi ni yaya, naye aghalabu ni binti mdogo anayelipwa ujira haba, aliyekwisha kuonywa kwamba mtoto akiugua atarudishwa kwao. Shahidi wa namna hiyo husema mtoto hakula kitu. Kwa vitisho vyetu tunaupoteza ushahidi ambao hakuna maabara iwezayo kuurudisha. Nathubutu kusema kwamba yaya aliyeelezwa mzio ni nini, akaruhusiwa kusema "nilimpa yai" bila kuogopa, na akapewa fedha ya nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali bila kungoja ruhusa, ni kinga kubwa kuliko orodha ndefu ya miiko iliyobandikwa jikoni. Pumzi ikibana, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani.

Majirani nao hawakosi kunong'ona kwamba mtoto amepata maradhi kwa kuwa mama amependa mshahara kuliko mwanawe. Hakuna kingamwili inayosoma daftari la mahudhurio. Ningependa waulize baba yuko wapi, maana yeye pia ana mikono ya kuosha mwiko. Sheria ile ya 2004 ilimpa siku 3 tu mtoto azaliwapo, nayo ilitenga siku 4 zenye malipo ambazo mzazi yeyote aweza kuzitumia mtoto augulapo. Akina baba wangapi wamewahi kuziomba? Sheria hiyo hiyo humruhusu mama saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Lakini mfanyakazi anayetoka Mbagala kwenda Posta atazimaliza saa hizo ndani ya basi. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, imewataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea. Hilo lasaidia, maana maziwa yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa vema huchelewesha siku ya maziwa ya ng'ombe.

Shule zetu zaweza kuanza bila kungoja sheria. Mkuu wa shule apangapo ratiba anaweza kumpa mwalimu anayenyonyesha vipindi vinavyofuatana, ili saa zake 2 ziwe kipande kimoja kabla ya kwenda nyumbani, badala ya kukatwa vipande visivyofaa. Na mwalimu wa biolojia, afikapo kwenye somo la kingamwili, aongeze habari ya Prausnitz na samaki wa Küstner. Wengi wa wanafunzi wake wakitoka shule jioni ndio wanaombeba mdogo wao mgongoni, na mara nyingi mkononi wana kifuko cha karanga.