Kompyuta za ushirika nazo zitiwe kufuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya usalama wa kompyuta za vyama vyetu vya akiba na mikopo.

Hapa kijijini tuna kikundi cha VICOBA. Kasha letu la fedha lina kufuli 3, na funguo zake hushikwa na watu 3 mbalimbali. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata awe mwenyekiti.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini, kwenye ofisi ya chama kinachotunza akiba za walimu wengi, kufuata mkopo wa kununua mabati. Juu ya kompyuta nikaona karatasi imebandikwa ukutani, imeandikwa neno la siri. Makarani wote hulitumia hilo hilo. Tena jina walilofungulia kompyuta ni la karani aliyeacha kazi tangu mwaka jana. Nilipouliza nikajibiwa: "Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Nani atahangaika na chama kidogo kama hiki?"

Ndugu Mhariri, jibu hilo lilinisikitisha. Mwizi wa mtandao hachagui nyumba kwa ukubwa wake. Husukuma kila mlango, na ule usio na komeo ndio anaoingilia. Mwezi Mei 2021 huko Marekani, wezi waliingia katika mtandao wa kampuni ya Colonial Pipeline, yenye mabomba ya mafuta ya urefu wa zaidi ya kilomita 8,000. Walipitia njia ya zamani ambayo kampuni ilikuwa haiitumii tena, lakini haikuwa imeifunga, nayo ilidai neno la siri tu. Mafuta yalisimama kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye vituo vya petroli, na kampuni ikawalipa wezi kiasi cha dola milioni 4.4.

Ikiwa tajiri yule aliponzwa na mlango mmoja uliosahauliwa, sisi tunajivunia nini?

Napendekeza hivi. Kwanza, kila karani awe na neno lake la siri, na akiacha kazi jina lake lifungwe siku hiyo hiyo. Pili, kompyuta isiridhike na neno la siri peke yake, bali idai pia namba inayotumwa kwenye simu ya mhusika. Hiyo ndiyo kufuli ya pili. Tatu, programu zifanyiwe marekebisho kila yanapotolewa, na nakala ya hesabu iwekwe mahali pasipounganishwa na mtandao.

Wapo watakaosema tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ni kweli, lakini sheria humwadhibu mwizi akishaiba, haifungi mlango. Maafisa ushirika wanapokagua vitabu, wakague na kompyuta. Nasi wanachama tuulize katika mkutano mkuu: funguo anazo nani? Fedha zile ni jasho letu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Singida.